Njia Imeziba, Mbona Uchafu Umepungua?

Mwaka jana, wiki ya harusi ya kaka yangu, nilifanya kazi ya ukalimani kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na niliifanya vibaya. Mama mkubwa alikuwa amefika siku tatu kabla kutoka Dar es Salaam, safari ndefu ya kubadili ndege Doha. Usiku wa Alhamisi alishindwa kulala chali. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, anahema. Tukampeleka hospitali, na daktari alipouliza ana nini, mama mkubwa akanitazama mimi akasema, "Tangu jana roho iko juu, mwanangu."

Mimi nimekulia hapa Uingereza. Kiswahili changu ni cha jikoni na cha simu za Jumapili, na "roho juu" ninayoijua ni ya mtu mwenye wasiwasi: roho juu kwa matokeo ya mtihani, roho juu kwa viza. Basi nikamwambia daktari kwamba ana wasiwasi. Mwenyewe alikuwa anasema kwamba pumzi imekwama juu, haishuki.

Walimchoma sindano kwenye kifundo cha mkono, wakachukua damu ya ateri. Majibu yakatoka baada ya dakika chache. Hewa ya ukaa katika damu yake ilikuwa 3.8 kwa kipimo cha kilopaskali, na kawaida ni kati ya 4.7 na 6.0. Iko chini, daktari akasema, maana yake anapumua kupita kiasi, na hilo linaendana na wasiwasi mlioutaja. Tukarudi nyumbani na ushauri wa kupumua polepole. Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa tumerudi tena, safari hii ndani ya gari la wagonjwa, na picha ya CT ikaonyesha mabonge ya damu katika ateri za mapafu yote mawili.

Mama mkubwa yu hai, alhamdulillahi. Siku ya tatu wodini, alipoanza kupata nguvu za kuuliza, alimsikiliza daktari mwingine akieleza habari ya mishipa iliyoziba, kisha akanigeukia. "Mapafu si ndiyo yanayotoa uchafu wa damu? Sasa kama njia imeziba, uchafu si ungejaa? Mbona wao walisema umepungua?"

Nasoma fiziolojia, mwaka wa pili. Sikuwa na jibu kwa Kiswahili, na nilipojaribu kulitafuta kwa Kiingereza nikaona kwamba huko pia sikuwa nalo. Makala hii ni jibu langu kwake. Nimeshamsomea kwa simu mara mbili, na mara ya kwanza alinikatiza akaniambia naeleza kama mtu anayekimbizwa. Nimejaribu kupunguza mwendo.

Tuanze na uchafu wenyewe. Kila chembe ya mwili inachoma chakula kwa kutumia oksijeni, na mabaki yake ni maji na hewa ya ukaa. Mtu aliyekaa tu, hafanyi kitu, hutengeneza kama mililita 200 za hewa hiyo kwa dakika. Inaingia kwenye damu, lakini sehemu kubwa haisafiri ikiwa hewa. Ndani ya chembe nyekundu kuna kimeng'enya kinachoiunganisha na maji upesi sana ikawa asidi dhaifu, na asidi hiyo ikageuka baikaboneti. Karibu asilimia 70 ya hewa ya ukaa inasafiri katika sura hiyo. Nyingine hushikana na himoglobini. Iliyobaki, kidogo tu, imeyeyuka kwenye damu kama hewa iliyomo kwenye soda kabla hujafungua chupa. Kumbukeni hiyo asidi. Itarudi.

Damu hii inafika upande wa kulia wa moyo, na moyo unaisukuma kwenye ateri ya mapafu. Jambo hili lilinichanganya sana sekondari, kwa sababu tulifundishwa kwamba ateri hubeba damu safi na vena hubeba chafu. Katika mapafu ni kinyume: ateri ndiyo inayopeleka damu chafu kusafishwa. Kama lita 5 hupita humo kila dakika, yaani damu yote ya mwili. Ateri inagawanyika mara mbili, na tena, na tena, mpaka inakuwa vimishipa vyembamba kuliko unywele vinavyozunguka vifuko vya hewa. Vifuko hivyo ni mamia ya milioni. Ukuta kati ya damu na hewa ni mwembamba kiasi kwamba hewa ya ukaa inapenya yenyewe, na inapenya kwa wepesi mara 20 hivi kuliko oksijeni. Ikishaingia kwenye kifuko, unapotoa pumzi inatoka nayo.

Kwa hiyo ukuta si tatizo, na hewa ya ukaa yenyewe si mkaidi. Kinachotakiwa ni vitu viwili vikutane mahali pamoja: hewa mpya ifike kwenye kifuko, na damu ifike kando yake.

Sasa bonge la damu. Mara nyingi halizaliwi mapafuni. Linaganda kwenye vena za ndani za mguu, hasa mtu akikaa muda mrefu bila kutembea, kisha linang'oka, linapanda na damu, linapita moyoni bila shida kwa sababu njia ni pana, halafu linakwama pale ateri za mapafu zinapoanza kuwa nyembamba. Aliyeieleza safari hii vizuri ni Mjerumani Rudolf Virchow, katika miaka ya 1840. Kabla yake wengi waliamini bonge limeota hapo hapo lilipokutwa.

Mama mkubwa aliielewa sehemu hii mara moja, kwa sababu mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba tangu uwanja wa ndege naye akadhani ni viatu.

Kilichomshinda ni kinachofuata, nami ilibidi nitafute mfano. Fikirieni vituo vya daladala. Abiria ni hewa ya ukaa. Barabara inayowaleta kituoni ni mshipa wa damu. Daladala ni pumzi: inafika tupu, inapakia, inaondoka. Sasa barabara ya kituo kimoja imefungwa. Daladala haina habari. Inaendelea kufika, inasubiri, konda anaita, hapandi mtu, inaondoka tupu. Mafuta yanachomwa bure.

Ndivyo ilivyo kwenye sehemu ya pafu ambayo ateri yake imeziba. Mirija ya hewa iko wazi kabisa. Hewa inaingia na kutoka kama kawaida. Lakini hakuna damu ya kuisafisha, kwa hiyo hewa inatoka kama ilivyoingia. Wataalamu huita sehemu kama hii nafasi mfu. Kila mtu mzima ana kidogo: pumzi ya kawaida ni kama mililita 500, na karibu 150 kati ya hizo hubaki puani, kooni na kwenye mirija mikubwa, pasipofika damu ya kubadilishana nayo. Mdenmarki Christian Bohr, baba wa yule mwanafizikia Niels Bohr, alionyesha mwaka 1891 namna ya kukadiria nafasi hii kwa kupima hewa ya ukaa katika pumzi inayotoka. Mwaka 1938 Henrik Enghoff wa Sweden akarekebisha hesabu ile kwa kutumia hewa ya ukaa iliyomo kwenye damu ya ateri, na tangu hapo hesabu hiyo inaweza kuhesabu pia daladala zinazozunguka tupu mapafuni.

Abiria wa kituo kilichofungwa hawapotei. Damu isiyoweza kupita njia moja inapita zilizobaki, kwa hiyo vituo vilivyo wazi vinapokea watu wao na watu wa wenzao. Safari za daladala zikibaki zile zile, watu watajazana. Hapo mama mkubwa yuko sahihi: kama kila kitu kingine kingebaki vile vile, uchafu ungejaa.

Lakini havibaki vile vile, kwa sababu ya ile asidi. Shina la ubongo lina vihisio vinavyoionja damu muda wote. Hewa ya ukaa ikiongezeka, asidi inaongezeka, na amri inatoka: pumua zaidi. Mfumo huu ni mwepesi kupita kiasi. Ongezeko la kilopaskali 0.13 tu huweza kuongeza lita 2 mpaka 3 za hewa kwa dakika, na mtu aliyepumzika anavuta kama lita 6. Kabla hesabu haijapanda kiasi cha kuonekana kwenye karatasi, mgonjwa ameshaanza kuhema na abiria wote wameondoka.

Hapo tumefika kwenye kawaida. Mbona basi ikashuka chini ya kawaida? Kwa sababu asidi si sauti pekee inayousukuma ubongo. Oksijeni ikipungua, vihisio vilivyo shingoni vinapiga kelele. Mishipa ya fahamu iliyomo kwenye mapafu nayo inapeleka taarifa. Maumivu ya kifua yanaongeza. Na hofu ipo pia, ya kweli kabisa, maana ni nani asiyeogopa anapokosa pumzi? Yote haya yanasema kitu kimoja, pumua, na mgonjwa anapumua kuliko mahitaji ya hewa ya ukaa. Sehemu za mapafu zilizo wazi zinaisafisha damu kupita kiasi. Uchafu unapungua huku njia imeziba.

Swali alilouliza baba yangu hapo ni zuri: kama kuhema kunatosha kuondoa hewa ya ukaa, kwa nini hakutoshi kurudisha oksijeni? Hapa niache daladala za pumzi, tupande basi jingine, himoglobini. Kila molekuli yake ina viti vinne vya oksijeni. Damu ikipita kwenye kifuko chenye hewa ya kawaida, viti karibu vyote vimeshajaa. Ukileta hewa mara mbili zaidi, huwezi kukalisha abiria kwenye kiti chenye mtu. Kwa hiyo sehemu nzuri za pafu haziwezi kufidia zile zinazopitiwa na damu nyingi kwa haraka na kutoka na viti vitupu. Hewa ya ukaa haina kikomo cha namna hiyo. Ukipeleka hewa zaidi, inatoka zaidi, karibu kwa uwiano ule ule. Kuhema kunaponya hesabu moja na kuiacha nyingine.

Na hili ndilo lililokuwa limeandikwa kwenye karatasi ya usiku ule, ambayo bado ninayo. Hewa ya ukaa 3.8. Oksijeni 9.6. Mtu mwenye mapafu mazima, akihema kwa hofu mpaka hewa ya ukaa ifike 3.8, vifuko vyake vinakuwa na oksijeni ya kilopaskali kama 15, na damu yake ingekuwa na 13 hivi. Hofu inapandisha oksijeni. Haiishushi. Mama mkubwa alikuwa anapumua kwa nguvu zote, na bado oksijeni yake ilikuwa chini ya ile ya mtu aliyelala usingizi mwanana. Ukisoma mstari mmoja wa karatasi unaona wasiwasi. Ukisoma miwili kwa pamoja unaona pafu lenye tatizo.

Nisijifanye bingwa. Pengo la aina hiyo linaweza kuletwa na nimonia na mambo mengine mengi, na wapo wagonjwa wenye mabonge mapafuni ambao hesabu zao zote ni nzuri. Karatasi ile isingethibitisha chochote peke yake. Kuna kipimo cha damu cha D-dimer na kuna CT kwa kazi hiyo. Lakini ingetosha kutufanya tusirudi nyumbani. Sijui ni kiasi gani cha kosa hilo ni cha daktari na kiasi gani ni cha "ana wasiwasi" yangu. Nadhani neno langu lilimfungulia mlango, naye akapita.

Kuna njia nyingine ya kuziona daladala tupu, nayo ndiyo iliyonivutia zaidi nilipoanza kusoma. Katika vyumba vya upasuaji, mgonjwa aliye kwenye nusukaputi huwekewa kifaa kinachopima hewa ya ukaa katika kila pumzi anayotoa. Mwisho wa pumzi, hesabu yake kwa mtu mzima wa afya huwa chini kidogo tu ya ile ya damu, tofauti ya kilopaskali kama 0.3 mpaka 0.7. Ateri ya pafu ikiziba, hewa safi kutoka sehemu zisizo na damu inachanganyika na ile iliyobeba uchafu na kuizimua, kama chai iliyoongezwa maji. Hesabu ya pumzi inaanguka. Ya damu haifuati. Pengo linapanuka.

Na mgonjwa huyo ana tofauti moja kubwa na mama mkubwa: hawezi kuhema. Mashine inampumulia idadi ile ile ya pumzi, kiasi kile kile. Shina la ubongo linaweza kupiga kelele litakavyo, misuli imelazwa na dawa. Kwa hiyo kwake yeye skrini inaonyesha hewa ya ukaa ikishuka, wakati ndani ya damu inapanda. Msomaji akinielewa hapo, ameelewa makala yote. Jibu la mama mkubwa ni kwamba uchafu hujaa kwa yule asiyeweza kuongeza pumzi: aliye kwenye mashine, mwenye ugonjwa wa mapafu wa siku nyingi asiye na akiba, au yule aliyehema saa nyingi mpaka misuli ikachoka. Hesabu iliyokuwa chini ikianza kurudi kwenye "kawaida" kwa mgonjwa anayezidi kuzorota, hiyo si habari njema. Daktari wa wodini alituambia kwamba hiyo ndiyo hesabu aliyokuwa akiiogopa.

Hata hivyo, si hewa ya ukaa inayoua watu wengi wa ugonjwa huu. Ni moyo. Upande wa kulia umezoea kusukuma damu kwa shinikizo dogo. Njia ikiziba ghafla unatanuka, unachoka, na damu inayofika upande wa kushoto inapungua. Ndiyo maana tiba ya kwanza ni dawa za kuzuia damu kuganda, ili bonge jingine lisifuate. Ushahidi wa tiba hiyo ulipatikana hapa Uingereza, Bristol, mwaka 1960. Wagonjwa 16 walipewa dawa na 19 hawakupewa. Katika wale 19, watano walikufa kwa mabonge ya mapafuni; katika wale 16, hakufa hata mmoja kwa sababu hiyo. Wagonjwa 35 tu, na bado tunaitumia kanuni ile.

Mwanachama mmoja wa klabu aliniuliza kama aache kusafiri. Hapana. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, uliotangazwa mwaka 2007, uliona kwamba safari ya zaidi ya saa 4, iwe ndege, basi au treni, huongeza hatari ya damu kuganda karibu mara mbili, lakini kwa mtu mwenye afya hiyo mara mbili bado ni kama mtu mmoja kati ya 6,000. Ndege ya Nairobi hadi London ni saa nane na zaidi. Simameni, tembeeni, chezesheni vifundo vya miguu, na msiwaone aibu majirani wa kiti. Aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mjamzito, au aliyewahi kuganda damu aongee na daktari kwanza. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma shavu lake baada ya safari, siyo viatu.

Jambo moja la kwetu sisi wa Kiswahili. Hospitali za umma hapa zinatakiwa kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo, hata kwa simu, na tuna haki ya kumwomba. Mimi sikujua, niliona ni heshima kumsaidia mama mkubwa mwenyewe. Lakini tunaokulia huku tutaendelea kujikuta kando ya kitanda cha mtu saa nane za usiku, kwa hiyo nimeanza kuandika maneno ya wazee ninayoyasikia. Kuhema si kutweta, na vyote viwili si kupumua tu. Pumzi inaweza kukata, kuwa fupi, au kubana. Mama mkubwa anasema kifua kimekaba. Jirani yetu wa Mombasa anasema pumzi hazimtoshi. Na roho ikiwa juu, muulizeni aliyeisema: juu wapi? Mwambieni aoneshe kwa mkono.

Mama mkubwa alimeza vidonge miezi mitatu, akarudi Dar na soksi ndefu za kubana alizozichukia. Daktari alikuwa ametuambia kwamba wagonjwa wachache hubaki na makovu ndani ya ateri, nafasi mfu isiyoondoka, wakawa wanakosa pumzi kwenye ngazi hata baada ya miezi. Baadhi yao hupelekwa Royal Papworth, Cambridge, ambako madaktari hupoza mwili mpaka nyuzi 20 hivi, wakasimamisha mzunguko wa damu na kuyachuna makovu. Basi kila Jumapili namuuliza habari ya ngazi. Anaishi ghorofa ya tatu, Kariakoo, na lifti haifanyi kazi. Jumapili iliyopita alinipigia akiwa anapanda, ili nisikilize mwenyewe.